Karneti ya pikipiki: kutoka Malindi hadi Bara Hindi na kurudi

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Malindi. Nina Royal Enfield Himalayan ya cc 411, ya mwaka 2019. Logbuku ina jina langu na la benki, ingawa mkopo nilishamaliza. Januari nataka kuipeleka Mumbai kwa meli, niiendeshe hadi Nepal, kisha nirudi nayo, jumla kama miezi miwili na nusu. Rafiki yangu ananiambia bila karneti siendi popote. Wakala mmoja wa Mombasa anasema karneti ni mambo ya wazungu, yeye ana watu wake kule bandarini watanitolea mzigo. Nani mkweli, na nianzie wapi?

Wa aleikum salaam. Rafiki yako ndiye mkweli. Wakala anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

India ni miongoni mwa nchi zinazodai karneti, yaani kijitabu cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda, kwa chombo cha mgeni anayepita. Ukifika Nhava Sheva, bandari ya kontena inayohudumia Mumbai, bila kijitabu hicho, pikipiki yako itahesabiwa kuwa bidhaa iliyoagizwa kutoka nje, tena kuukuu. Hapo utatakiwa ulipe ushuru wote au uirudishe ilikotoka, na huku gharama za kuhifadhi kontena zinahesabiwa kila siku. Kwamba Enfield zinaundwa Chennai hakukupunguzii chochote. Forodha hawaulizi chombo kilizaliwa wapi, wanauliza kimeandikishwa wapi. Namba yako ni ya KM, basi ni mgeni.

Tuseme hao "watu wake" wapo na wanaweza kulitoa kasha bandarini. Hawatakuwapo mpaka wa Nepal, wala siku unapotaka kuitoa pikipiki India iwe na karatasi inayosema iliingia kihalali. Kuingiza chombo ni nusu ya kazi. Wengi huumia kwenye ile nusu ya pili.

Karneti inafanya nini

Jina lake kamili ni la Kifaransa, Carnet de Passages en Douane, na maofisa wengi watakutajia herufi tatu tu: CPD. Inasimama juu ya mkataba wa forodha uliotiwa saini New York mwaka 1954, unaohusu magari ya binafsi yanayoingia nchi kwa muda. Kwetu hutolewa na chama cha magari, AA Kenya, kilichomo katika mtandao wa vyama chini ya FIA, shirikisho la vyama vya magari duniani.

Ichukulie kama deni lililofunguliwa kwa jina lako. Pikipiki inapoingia India bila ushuru, forodha ya huko inaandika kwamba ushuru huo unadaiwa, ila umesimamishwa. Ikitoka na muhuri ukagongwa, deni linafutwa. Isipotoka, au ikatoka bila muhuri, forodha ya India inakidai chama cha India, chama cha India kinakidai AA Kenya, na AA Kenya inakidai wewe kupitia dhamana uliyoweka. Mengine yote nitakayokueleza, kuanzia tahajia ya jina lako hadi muhuri wa mwisho, yanahusu kulifunga deni hilo.

Usikubali kuuziwa karneti ya ATA badala yake. Majina yanafanana, lakini ile ni ya sampuli za biashara, vifaa vya kazi na bidhaa za maonyesho, na hutolewa na vyama vya wafanyabiashara. Mtalii anayeendesha chombo chake anatumia CPD.

Sio kila safari ya nje inaihitaji. Ukivuka Lunga Lunga kwenda Tanga, au Busia kwenda Uganda, forodha za Afrika Mashariki zina kibali chao cha muda cha kuingiza chombo, na bima ya COMESA, ile kadi ya manjano, itakufikisha hadi Zambia na Malawi. Ulaya nayo haimdai mtalii karneti. Ndiyo sababu unakutana na mtu aliyezunguka nchi kumi akaapa kwamba karneti ni kupoteza pesa. Muulize kama nchi hizo kumi zilikuwamo India, Pakistan, Iran au Misri.

Anza na benki

Kabla hujajaza fomu yoyote, ondoa jina la benki kwenye logbuku. Kumaliza mkopo hakuliondoi lenyewe. Benki itoe idhini ya kuachilia umiliki, kisha mabadiliko yapite NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili vyombo, kwenye akaunti yako ya eCitizen. Karneti ikisomeka jina lako peke yako na logbuku ikisomeka majina mawili, ofisa wa Nhava Sheva ana haki ya kuuliza huyo wa pili yuko wapi na kama amekuruhusu kuitoa mali yake nchini. Kama benki inachelewa, barua yao ya kutopinga safari, yenye namba ya chesisi na muhuri, inaweza kukuvusha. Logbuku safi ni bora mara kumi.

La pili ni jina. Huku pwani majina matatu yanaweza kuandikwa njia nne: Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye pasi, Mohammed kwenye logbuku, na mahali pengine "bin" imeingia au imetoka. Pasi ndiyo itakayotazamwa kila mpaka, kwa hiyo karneti ifuate pasi, herufi kwa herufi. Logbuku ikitofautiana, rekebisha logbuku. Ukikosa muda, beba hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nakala halisi, si picha ya simu.

La tatu ndilo linaloangusha watu wengi, nalo ni namba zilizogongwa kwenye chuma. Usinakili namba ya chesisi kutoka kwenye logbuku. Nenda kwenye pikipiki yenyewe. Namba ya fremu hugongwa kwenye shingo ya usukani: geuza usukani upande mmoja, piga tochi kwa ulalo. Namba ya injini iko kwenye ganda la injini, chini, mahali panapokaa vumbi na oili. Kwa hewa ya chumvi ya Malindi (na Lamu ni zaidi), namba hizo huliwa na kutu au hufunikwa na utando mgumu wa grisi na mchanga. Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha futa kwa kitambaa. Usitumie msasa wala brashi ya waya ya grainda. Namba iliyong'arishwa huonekana kama namba iliyochezewa, na ofisa akishaanza kushuku, siku yako imekwisha. Ikishakauka, weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli kwa ulalo. Utapata chapa yake kamili. Linganisha hiyo na logbuku.

Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na kwa utaratibu wa kimataifa haitumii herufi I, O wala Q. Kwa hiyo duara lolote unaloliona ni sifuri, na mstari wowote uliosimama ni moja. Makosa ya karani kuandika O badala ya 0 ni mengi, na hugunduliwa bandarini, si ofisini.

Injini ikiwa ilibadilishwa, jambo la kawaida kwa mafundi wetu, namba mpya lazima iingizwe kwenye logbuku kabla ya kuomba karneti.

Fomu, thamani na dhamana

Karneti hukitambulisha chombo kwa undani kuliko unavyotarajia: namba ya usajili, mwaka, uzito, thamani, namba ya chesisi, namba na aina ya injini, idadi ya silinda, nguvu za farasi, rangi, viti, redio, matairi ya akiba, na vifaa vingine. Himalayan yako ina silinda 1 na uzito usiofika kilo 200. Masanduku ya pembeni, kioo cha upepo na tairi la akiba viandikwe kwenye nafasi ya vifaa vingine. Kisichoandikwa kinaweza kuhesabiwa kuwa mzigo wa kuuza. Kinyume chake nacho kina taabu: ukiandika masanduku mawili ya alumini ukarudi na moja, utaeleza limekwenda wapi. Rangi iandikwe kama ilivyo kwenye logbuku. Kama umeipaka upya, badilisha logbuku kwanza.

Dhamana inategemea vitu viwili: thamani ya pikipiki na asilimia iliyowekewa kila nchi unayopita. Asilimia za nchi hazijumlishwi, inachukuliwa iliyo kubwa kuliko zote. Tuseme pikipiki ina thamani ya shilingi 500,000 na nchi yenye asilimia kubwa kwenye orodha yako imewekewa 150. Dhamana itakuwa shilingi 750,000, zaidi ya bei ya pikipiki yenyewe. Watu hushtuka hapo, lakini ni sawa, kwa sababu dhamana inafidia ushuru na adhabu, na ushuru wa vyombo katika baadhi ya nchi hupita thamani yake. Kwa hiyo usiorodheshe nchi "kwa ikiwezekana". Kuongeza Misri au Pakistan kwa ndoto tu kunaweza kupandisha dhamana yako mara kadhaa. Andika India na Nepal.

Thamani iwe ya soko la leo, si uliyonunulia. Ukiishusha mno ili dhamana ipungue, chama kitaikataa, na hata kikiikubali, ofisa wa forodha anaweza kutilia shaka kijitabu chote.

Dhamana huwekwa kwa pesa taslimu zinazoshikiliwa, au kwa barua ya dhamana ya benki, au kwa bondi ya bima. Muulize AA njia anazozikubali kwa thamani yako, na gharama ya kila moja. Pesa taslimu hurudi, ila zitakaa muda. Dhamana ya benki inakuachia fedha zako lakini ina ada isiyorudi, na benki nyingi zitataka ufunge kiasi kama hicho kwenye akaunti. Wanaojiepusha na riba wana mlango kwenye benki za Kiislamu: mkataba wao wa udhamini unaitwa kafala, na ada yake ni ya huduma. Soma tarehe ya mwisho ya barua hiyo. Isiishe siku karneti inapoisha, kwa sababu madai huja baadaye. Mkataba wa 1954 unawapa forodha mwaka mmoja tangu karneti iishe kutoa taarifa kwamba chombo hakijaonekana kikitoka, kisha chama kinapewa mwaka mwingine kuleta ushahidi. Hivyo kijitabu kisicho na muhuri mmoja kinaweza kukushikia pesa kwa muda mrefu kuliko safari kumi za namna hiyo.

Kurasa: kila kuingia nchi na kutoka kunatumia ukurasa mmoja. Wewe utaingia India, utatoka kwenda Nepal, utaingia India tena, utaondoka. Hizo ni kurasa tatu. Vijitabu hutolewa vya kurasa 5, 10 au 25, na cha 5 kinakutosha. Muda wake ni mwaka mmoja kuanzia tarehe ya kutolewa, si tarehe ya kuvuka mpaka wa kwanza, kwa hiyo usiichukue Septemba kwa safari ya Januari. Pia mwaka wa karneti haushindi sheria ya nchi: India inaruhusu chombo kukaa miezi sita.

Kasha

Januari ni kaskazi. Baba zetu walitumia pepo hizo kurudi kutoka Bara Hindi, si kwenda. Vasco da Gama naye mwaka 1498 alichukua rubani hapa Malindi, akaondoka Aprili, akafika Calicut Mei. Kontena halingoji upepo, lakini linangoja karatasi, na mbao.

Mbao zote nene za kasha linalokwenda nje lazima ziwe zimetibiwa kwa kanuni ya ISPM 15, ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao, ambayo huku husimamiwa na KEPHIS, shirika la afya ya mimea. Matibabu ya joto yanataka kiini cha mbao kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha zigongwe alama yenye shada la ngano, herufi KE na HT. Boriti za mikoko ni imara kweli, lakini zisizo na alama zinaweza kurudisha kasha zima. Plaiwudi haihitaji alama hiyo. Njia rahisi ni paleti ya mbao zilizogongwa alama chini, na kuta za plaiwudi.

Ukubwa wa kasha ndio bei yako. Kwa ndege, mzigo mwepesi wenye nafasi kubwa hutozwa kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Himalayan iliyosimama nzima kwenye kasha la 220 × 90 × 120 inatozwa kama kilo 396. Toa gurudumu la mbele, ekseli zikae kwenye ubao, shusha usukani, fungua vioo na kioo cha upepo, bana springi za mbele kwa mikanda: kasha linaweza kuwa 190 × 80 × 105, na tozo ni ya kilo 266. Saa tatu za spana zimekuokolea kilo 130. Kwa meli utatozwa kwa mita za ujazo, karibu 2.4 dhidi ya 1.6, na ukishiriki kontena na wengine tofauti hiyo bado inauma.

Pikipiki ni mzigo hatari kisheria, wa kundi la 9, namba UN 3166. Kwa ndege, tangi limwagwe kadiri inavyowezekana na mafuta yasibaki zaidi ya robo yake. Tangi lako ni la lita 15, kwa hivyo ni chini ya lita 3.75, ila mimi ningebakisha nusu lita na si zaidi. Waya za betri zifunguliwe, ncha zifunikwe kwa tepu. Kwa meli kamilisha na wakala tamko la mzigo hatari mapema. Kontena lililojazwa halafu likagundulika halikutamkwa hufunguliwa kwa gharama ya mwenyewe. Usitie nguo, zawadi wala kahawa ya shangazi wa Mumbai ndani ya masanduku ya pembeni. Kinachoruhusiwa ni kilichoandikwa.

Kutoka Kilindini

Karneti haigongwi Kenya unapotoka, kwa kuwa hapa ndipo chombo kilipoandikishwa. Unachohitaji ni tamko la kutoa mali nje kwa muda, ambalo wakala huliingiza kwenye mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya mapato, likiwa na namba ya chesisi na ya injini. Mwambie wazi: kwa muda, itarudi. Wakala mvivu huiandika kama mauzo ya nje ya kawaida, maana ni haraka kwake, na ukirudi unakutwa unaagiza pikipiki kuukuu nchini mwako mwenyewe. Chukua nakala ya tamko hilo yenye muhuri na uitunze kama logbuku. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hati ya shehena, ile wanayoiita BL, mpokeaji awe wewe, jina kama la pasi. Kwenye maelezo ya mzigo paandikwe kwamba ni pikipiki iliyotumika, ya binafsi, inaingia kwa muda kwa karneti, na namba ya karneti itajwe. Kama mpokeaji ni kampuni ya wakala wa huko, utakuwa umewakabidhi ufunguo.

Nhava Sheva

Panga uingie India siku chache kabla ya meli kutia nanga. Forodha watataka pasi yako yenye muhuri wa kuingia na wewe mwenyewe mbele yao. Kabla ya hapo, kumbuka India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kibali cha kimataifa cha kuendesha kiwe cha mkataba wa 1949, ambao India imo, na kionyeshe daraja la pikipiki, si gari peke yake. Kadi ya manjano ya COMESA haina kazi huko. Nunua bima ya India ya mtu wa tatu kabla ya kugusa barabara.

Utahitaji wakala wa huko pia. Mkabidhi nakala, karneti yenyewe ibaki mkononi mwako hadi dakika ya kugongwa. Ukurasa wa karneti una vipande vitatu. Ofisa akikuingiza, anachana kipande cha chini, kile cha kuingia, anabaki nacho, na anagonga muhuri kwenye kishina cha juu. Ukitoka, kinachanwa kile cha kati, na kishina hicho hicho kinagongwa upande wa kutoka. Kishina hakitoki kwenye kijitabu. Simama palepale uangalie: tarehe ipo, jina la ofisi ya forodha linasomeka, saini ipo, na kimechanwa kipande sahihi. Maofisa ambao hawajaona karneti miezi mingi huchana cha kati badala ya cha chini, na ukishafika mpaka wa Nepal huna cha kutokea. Piga picha kila ukurasa kabla na baada.

Mpaka ambao haukusimamishi

Ukielekea Nepal kwa njia ya Sunauli au Raxaul, utakuta msongamano wa malori, baiskeli, riksho na watu wanaovuka kama wanavuka soko la Malindi kwenda Shela. Wahindi na Wanepali wanavuka bila viza, kwa hiyo hakuna mtu atakayekuwekea mkono kifuani. Unaweza kuingia Nepal na pikipiki yako, ukanywa chai, kabla hujagundua kwamba hukugonga muhuri hata mmoja. Uhamiaji ni ofisi moja, forodha ni nyingine, na ziko pande zote mbili. Kwa mgeni mwenye chombo vituo ni vinne: uhamiaji wa India, forodha ya India, uhamiaji wa Nepal, forodha ya Nepal. Ukikosa cha pili, kwa vitabu vya India pikipiki yako bado iko India, na ukirudi wiki tatu baadaye hawataweza kuiingiza mara ya pili.

Ukigundua ukiwa Nepal, geuka siku hiyohiyo. Viza yako nayo iwe inaruhusu kuingia India zaidi ya mara moja na kupitia mpaka wa nchi kavu, kwani viza ya mtandao huorodhesha viingilio inavyovikubali. Soma orodha hiyo kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba Januari nyanda za kaskazini mwa India hufunikwa na ukungu mzito asubuhi. Usipange kufika mpakani alfajiri.

Kurudi, na kufunga kitabu

Muhuri wa mwisho wa India ndio unaopotea kuliko yote. Mtu anaacha pikipiki na karneti kwa wakala, anapanda ndege, anaahidiwa kijitabu kitatumwa. Kontena linaondoka, karneti inabaki kwenye droo. Usipande ndege kabla hujaona kishina cha kutoka kimegongwa na kipande cha kati kimechanwa. Pikipiki ikibidi kungoja meli, afadhali ubadilishe tiketi ya ndege kuliko kuiacha karneti.

Ukifika Kilindini, toa lile tamko la kutoka kwa muda, ili kurejea kwake kusihesabiwe uagizaji. Kisha waombe forodha wajaze ukurasa wa mwisho wa karneti, cheti cha mahali chombo kilipo, kinachosema pikipiki yenye chesisi fulani imeonekana Mombasa tarehe fulani. Cheti hicho ni tiba kama kuna muhuri ulioharibika njiani, kwa sababu kinathibitisha haikubaki ng'ambo. Rudisha kijitabu AA, chukua stakabadhi, na ndipo dhamana inaanza kufunguliwa.

Ukipata ajali huko, usiuze mabaki wala usiyaache. Vyuma vilivyopondeka bado vina ushuru. Viondoshwe nchini, au viharibiwe mbele ya forodha nao waandike hivyo. Ikiibwa, ripoti ya polisi ipatikane siku hiyo na AA waarifiwe siku hiyo, ila ujue wizi peke yake haufuti deni. Muda ukikubana, omba kuongezewa kabla karneti haijaisha, kupitia AA na chama cha India.

Umeuliza pa kuanzia tu, lakini nitasema na hili: kwa miezi miwili na nusu, wiki mbili au tatu zitaliwa na bandari mbili. Himalayan hiyohiyo inakodishwa Delhi, na ya namba za India huvuka Nepal kwa kulipia siku. Kama unachotaka ni milima, kodi. Kama unataka milima hiyo ukiwa juu ya pikipiki yenye namba ya KM, gharama hii ndiyo bei yake.

Ukiamua kwenda, wiki hii peleka barua benki, na kabla ya jua kuzama geuza usukani, chukua mswaki na mafuta ya taa, usome namba ya chesisi. Ombi la karneti liingie AA angalau wiki 8 kabla ya siku ya meli, maana barua ya dhamana ya benki peke yake inaweza kula wiki tatu.